Utulivu wa Darasa Nao ni Somo

Twapenda mara hii kuzungumza na walimu wa watoto wadogo, wa skuli na wa madrasa kwa pamoja, na pia na wazazi wenye watoto hao. Mazungumzo yetu ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni namna darasa la watoto wa miaka mitano hata minane linavyoingia, linavyokaa, linavyonyamaza na linavyotoka. Jambo hili halimo katika juzuu wala katika kitabu cha hesabu, lakini juzuu na hesabu zote mbili husimama juu yake.

Sababu ya kulitia kalamuni ni swali lililoletwa katika darsa yetu usiku mmoja baada ya sala ya Isha. Mzee mmoja alitueleza habari ya mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, aliyekuwa akipenda chuo mno, hata akirudi jioni hukaa barazani akawasomesha paka alif na be. Ilipopita miezi miwili, mtoto yule akawa kila ikikaribia saa nane ya mchana tumbo humwuma. Alipelekwa kwa daktari, asionekane na maradhi yoyote. Siku ya Ijumaa, ambayo chuo hakisomeshwi, tumbo halikumwuma. Mwisho ndipo ilipojulikana kwamba siku moja alibanwa na haja ndogo, akaogopa kuomba ruhusa, akajikojolea juu ya jamvi mbele ya wenzake. Wenzake wakamcheka, na mwalimu akampiga kwa kuchafua jamvi.

Hatukutosheka kusikia upande mmoja. Tulimwendea yule mwalimu, naye si mtu mwovu wala si mtu asiye na huruma. Twamjua, na watoto wake mwenyewe humrukia begani afikapo nyumbani. Alituambia hivi: ana watoto hamsini katika chumba kimoja, wakati wa joto kali la mchana, na kila akimruhusu mmoja kutoka, kumi wengine hunyanyuka wakasema na wao wana haja. Wakitoka hawarudi. Ndipo alipokataza kutoka, na aombaye akawa anapata fimbo. Kisha akatuuliza, "Nyinyi mngalifanya nini?" Hakuna hata mmoja wetu aliyemjibu palepale. Somo hili ni jawabu yetu, ijapokuwa imechelewa.

Kwa hakika kosa lililotendeka katika chumba kile halikuwa la mtoto, wala halikuanza siku ile. Kosa lilikuwa kwamba chumba kilikuwa na mlango, na choo kilikuwa uani, lakini baina ya mlango na choo hapakuwa na njia iliyofundishwa. Mtoto hakujua aombe vipi, aombe lini, atoke na nani, arudi baada ya muda gani. Na mwalimu naye, kwa kuwa hakuweka njia, alibaki na mambo mawili tu: kuwaacha wote watoke, au kuwazuia wote.

Hapana mwalimu ampigaye mtoto siku ya kwanza kwa kutoijua be. Kila mwalimu ajua kwamba be yafundishwa: husomwa, hurudiwa, huandikwa, hukosewa, hurudiwa tena. Lakini mwalimu huyohuyo humwambia mtoto "kaa vizuri", na asipokaa vizuri humkasirikia. Vizuri ni vipi? Nani aliyemfundisha? Nyumbani kwao mtoto huyu hukaa juu ya mkeka, au mapajani mwa bibi yake, akitaka kunyanyuka hunyanyuka, na akitaka kusema husema. Kungoja zamu, kuinua mkono, kusikiliza hali mwenziwe asoma, kurudisha kitabu mahali pake, yote haya ni elimu mpya kwake kama herufi zilivyo mpya. Mtoto asiyeijua twamwita mtundu, ilhali ni mtoto ambaye hajasomeshwa bado.

Tazameni msikitini siku ya Ijumaa. Watu mia tano, wazee kwa vijana, wengine hawajuani hata majina, hukaa wakasikiliza, husimama wakanyoosha safu, huinama pamoja na huinuka pamoja. Hapana askari mlangoni, na fimbo aishikayo khatibu hampigi nayo mtu. Utulivu huu umetoka wapi? Umetoka katika alama zijulikanazo, adhana kisha iqama kisha takbiri, na katika kila tendo kuwa na mahali pake, na katika kurudiwa siku baada ya siku hata mwili ukajua wenyewe. Na asiyejua huelezwa. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Muawiya bin al-Hakam alisema maneno ndani ya sala kwa kutojua kuwa yamekatazwa, na watu wakamkazia macho. Sala ilipokwisha, Mtume alimweleza sala ni ya nini na yafaa kusemwa nini ndani yake. Sahaba huyu alikuwa akisimulia kwamba hakupata kuona, kabla yake wala baada yake, mwalimu mwema kumshinda yeye, kwani hakumkaripia wala hakumpiga wala hakumtukana. Na yule alikuwa mtu mzima. Mtoto wa miaka sita je?

Wataalamu wa elimu wa zama zetu nao wamefikia karibu na hapo kwa njia yao wenyewe. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Jacob Kounin, aliyetoa kitabu juu ya nidhamu ya madarasa mwaka 1970, alianza kwa kutafuta namna bora ya kukemea. Alichukua picha za kanda za madarasa ya watoto wadogo akazitazama. Alichokiona kilimgeuza: walimu wenye madarasa yaliyotulia na walimu wenye madarasa yaliyochafuka hawakupitana sana katika kukemea kwao. Walipitana katika yale wayafanyayo kabla kosa halijatokea. Mwalimu wa darasa tulivu alikuwa ajua kila pembe kunapita nini, na watoto wakajua kwamba ajua. Na alipotoka somo moja kwenda jingine, alivuka bila kuliacha darasa likielea.

Basi na tuanze mlangoni, kwani ndipo ghasia inapoanzia. Watoto hamsini wana champali na ndara mia moja. Zikivuliwa ovyo kizingitini, wakati wa kutoka kila mmoja huinama kutafuta yake, akakanyagwa, akasukumwa, akavaa ya mwenziwe, na jioni mama mtu huja kulalamika. Mmoja wa walimu wanaohudhuria darsa yetu alipiga mistari ya chaki nje ya mlango, kila safu ya watoto ikawa na mstari wake. Siku ya kwanza hakusomesha kitu kingine ila kuvua viatu: aliwaonyesha kwa viatu vyake mwenyewe, vidole vikitazama nje ili mtoto atokapo avae akiwa yuatembea, kisha akawaita watoto watatu wafanye mbele ya wenzao, kisha safu baada ya safu. Siku ya pili akarudia, na siku ya tatu. Mwenziwe mmoja alimwambia kuwa apoteza wakati wa kusomesha. Zamani adhana ilikuwa ikiwakuta wangali wakigombania viatu. Sasa ikiadhiniwa huwa wamekwisha kufika mwisho wa mtaa. Nani apotezaye wakati?

Wakishaingia, yatakikana wakute kazi ya kufanya. Mtoto akutaye ukimya wa dakika tano bila kazi huutia kazi yake mwenyewe, na kazi yake huijui. Inatosha kuwa na neno ubaoni la kunakili, au sura ya jana ya kurudia polepole, maadamu kila siku ni vilevile, ili mwalimu asihitaji kutoa amri.

Kisha lazima pawe na alama moja ya kunyamaza. Tumesema moja, kwani tumeona mwalimu akipiga meza, akapiga filimbi, akasema "nyamazeni" mara sita, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka apitaye njiani akadhani kuna ugomvi. Mara nyingi kelele isikikayo zaidi katika darasa ni ya mwalimu. Alama yaweza kuwa kengele ndogo, au mkono ulioinuliwa ambao kila auonaye naye huinua wake. Wengine hutumia makofi. Wala hatutaki hapa kuingia katika mabishano ya kupiga makofi, kwani asiyeyapenda ana mkono wake wa kuinua. La maana ni kwamba alama ikitolewa, mwalimu asiseme neno lolote mpaka wote wamenyamaza. Akisema hali wawili bado wazungumza, amewafundisha wote kwamba alama yake haina maana.

Habari ya choo na maji ndiyo iliyotuleta hapa, nayo dawa yake ni nyepesi mno hata twaona haya kuitaja. Chukua vibao viwili vya mbao, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana, uvitoboe tundu, uvitundike kwenye misumari karibu na mlango. Mwenye haja humwonyesha mwalimu kidole bila kusema, mwalimu akiitikia kwa kichwa hutwaa kibao akaenda, na akirudi hukitundika. Kibao kikiwa hakipo, hapana aendaye, ila aliyebanwa kweli. Na mwalimu wa watoto wadogo humjua aliyebanwa kwa kumtazama tu. Vilevile wote wapelekwe kabla ya kuanza na katikati ya wakati, bila kungoja waombe, na huko wafundishwe kunawa mikono na kutawadha. Mtoto mdogo hajui kupanga haja yake kwa saa. Kumpiga kwa hilo ni kumpiga kwa maumbile yake.

Lakini dakika mbaya kupita zote ni ile iliyo baina ya kitu na kitu. Kusoma kumekwisha, kuandika hakujaanza. Mwalimu amegeuka kutafuta chaki, mtoto mmoja hana kalamu, watatu wamekwenda kuchonga, mmoja amemwaga maji, na waliobaki wamesahau kuwa wako darasani. Mwalimu akigeuka hukuta soko. Hapo hukasirika, na hasira yake humwangukia aliye karibu, si aliyeanza. Tumekaa nyuma ya madarasa kadhaa tukitazama, na twaweza kusema kwamba mapigano na vilio vingi tulivyoviona vilizaliwa katika dakika hizi, si katika dakika za somo. Kwa hiyo yafaa kila kitu kiwe tayari kabla ya watoto kuingia: daftari zimepangwa kwa safu, na mezani pana kopo la kalamu zilizokwisha kuchongwa, ambalo mwenye kalamu butu huacha yake na kutwaa nyingine bila kuomba. Marufaa yagawiwe na watoto wanne waliowekwa, kila mmoja safu yake. Na mwalimu awape amri moja moja. Amwambiaye mtoto wa miaka sita, "Funga juzuu, rudisha marufaa, chukua daftari, andika tarehe, kisha uje kwangu," amesema mambo matano, na mtoto amebaki nalo la mwisho. Ndiyo maana wote huja kwake kwa pamoja. Aseme, "Fungeni juzuu." Angoje. Atazame. Kisha lifuate la pili.

Wakikosea, warudie. Wakiingia kwa kusukumana, mwalimu hana haja ya kukemea, awaambie kwa upole, "Tumesahau namna yetu, turudini mlangoni tuingie tena." Kurudia huku si adhabu, ni mazoezi, kama aliyekosea katika kusoma aambiwavyo arudi mwanzo wa aya.

Hapa yapasa pia tuseme neno juu ya urefu wa kukaa. Katika skuli za Kenya leo, kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30, na waliokiweka hivyo wanajua watoto. Nasi katika baadhi ya vyuo vyetu mtoto huyohuyo, aliyeamka alfajiri na kushinda skuli tangu asubuhi, hukalishwa juu ya jamvi muda wa saa mbili bila kunyanyuka, katika miezi ya kaskazi ambayo hata sisi watu wazima hutafuta upepo barazani. Akisinzia huamshwa kwa fimbo. Lau mwalimu angewasimamisha kila baada ya nusu saa, wakasoma sura moja wakiwa wima, wakanywa maji, kisha wakakaa, angalipata katika saa moja zaidi ya akipatacho katika mbili.

Namna ya kutoa amri nayo ina taathira yake. "Usikimbie" humwambia mtoto jambo moja tu, nalo ni kukimbia. "Tembea" humpa la kufanya. "Msipige kelele" haina mwisho, lakini "semeni kwa sauti ya kusikika na jirani tu" ina kipimo. Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti, na wasia huo twausomesha, lakini mara nyingine twausomesha kwa kupiga ukelele.

Kuna desturi moja ambayo twaichukia, na twaona afadhali tuseme wazi. Mwalimu atokapo humwacha khalifa wa chuo, au monita wa darasa, aandike majina ya wapigao kelele, na akirudi huwaadhibu walioandikwa. Mtoto wa miaka minane amefanywa kadhi bila mashahidi. Huandika maadui wake, na huwafuta wampao peremende. Wenzake hujifunza kwamba haki yanunuliwa, na yeye hujifunza kuiuza. Khalifa na apewe kazi ya kuhudumia: kugawa, kukusanya, kumwongoza aliye mgeni. Na kazi hiyo izunguke kila wiki, isiwe ya mtoto wa tajiri wa mtaa. Ni karibu na hilo kuliadhibu darasa zima kwa kosa la mmoja. Twajua sote kwamba mtu hachukuliwi kwa dhambi ya mwenziwe, na watoto wadogo huwa wepesi wa kuiona dhuluma kuliko tudhaniavyo.

Mtoto hufuata macho ya mwalimu. Akiona kwamba atazamwaye ni mkorofi tu, naye atakuwa mkorofi ili atazamwe. Ndiyo maana sifa ina nguvu, lakini iwe sifa ya kitu kijulikanacho. "Hodari, hodari" isemwayo kwa kila mtu kila mara ni kama sarafu ya bandia. "Nimemwona fulani amengoja mwenziwe amalize kunywa ndipo akatwaa kikombe" ni sifa ambayo watoto wote huielewa na huweza kuifanya. Na mwalimu akiahidi atimize. Imepokewa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo aje ampe kitu, Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini, akasema tende, akaambiwa kwamba lau hangempa chochote, angeandikiwa uwongo. Basi ni uwongo mangapi huandikwa katika madarasa yetu kwa siku moja, tunapoahidi hadithi tusiyoisimulia, au tunapotisha kwa kufukuza tusikokukusudia?

Hatudai kwamba mpango mzuri huondoa makosa yote. Watoto watapigana, watanyang'anyana, na yuko mmoja katika kila darasa asiyetulia hata ukifanya vipi. Juu ya huyu twasema: kwanza mchunguze. Huenda hasikii sawasawa, kwa kuwa masikio yake hutoka usaha tangu utotoni, naye amewekwa nyuma kabisa. Asiposikia amri huitwa mkaidi. Huenda haoni ubao. Huenda hakula mchana, au nyumbani hakulali watu kwa ugomvi. Msogeze mbele, mpe kazi ya mikono, na zungumza na mama yake siku ambayo mtoto hakufanya kosa lolote, ili mama asizoee kwamba mwalimu akimwita ni kwa aibu. Na akikosa kweli, msogelee umwambie polepole asikie yeye tu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwausia walimu wamkataze mwanafunzi tabia mbaya kwa ishara na huruma kadiri iwezekanavyo, si kwa kumfedhehesha waziwazi, kwani fedheha huvunja pazia la haya. Asiposikia, mbadilishe mahali. Aliyemwaga apanguse, aliyechana daftari ya mwenziwe amsaidie kuigundisha. Mengine yangoje mpaka wenzake wametoka.

Sasa tuje kwenye fimbo, maana twajua wasomaji wetu wamekuwa wakiingoja. Hapa Kenya fimbo iliondolewa katika kanuni za skuli mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kukingwa na ukatili wa kila namna na adhabu zisizo za kibinadamu, wala haikusema kila mtoto aliye skuli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo yakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa nafsi yake, na avunjaye hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au yote mawili. Mwalimu wa Kiislamu ni mtu wa kutimiza ahadi, na kuishi katika nchi ni ahadi.

Wako wasemao: je, haikuja hadithi ya kuwapiga watoto kwa ajili ya sala? Tuisome basi kama ilivyo. Yaamrisha mtoto aamriwe sala afikapo miaka saba, na kupigwa hakutajwi mpaka miaka kumi. Baina ya saba na kumi mna miaka mitatu. Mwaka wetu wa mwezi ni siku 354, na sala ni tano kwa siku. Hesabuni wenyewe: ni mara 5,310 za kuamriwa, kukumbushwa na kuongozwa kwa mkono, kabla neno la fimbo halijatajwa. Na hilo ni katika sala, nguzo ya dini! Nasi twampiga wa miaka sita kwa sababu ya kalamu iliyoanguka, hali hatukumwambia hata mara kumi kalamu huwekwa wapi. Hata wale wanavyuoni wa kale walioiruhusu fimbo, kama Ibn Sahnun wa Kairawani aliyefariki mwaka 870, waliitia mipaka na idadi, na hawakumruhusu mwalimu kuipigia hasira zake. Na Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, ameeleza kwamba mtoto alelewaye kwa ukali na nguvu hubanwa moyo, huwa mvivu, na hujifunza uwongo na hila ili aukwepe mkono ulio juu yake. Maneno yale yaliandikwa katika karne ya kumi na nne, na kila mwalimu mkweli amewaona watoto hao kwa macho yake.

Wazazi nao hawawezi kuosha mikono. Ni baba gani asiyepata kusikia, au kusema, "Mwalimu, mtoto ni wako, mimi nirejeshee mifupa"? Husemwa kwa mzaha, lakini mwalimu kijana huichukua kuwa ni hati. Na wazee wetu waliposema samaki mkunje angali mbichi, walikuwa wavuvi wajuao samaki. Mbichi hukunjwa kwa kuwa hukunjika kwa mkono mwepesi, na atumiaye nguvu huivunja minofu. Mzazi anayo pia kazi yake ya nyumbani: mtoto alale mapema, ale kabla ya kwenda chuoni, na afike kwa wakati, kwa kuwa achelewaye huuvunja mpango wa wote.

Twaongeza kwamba haya si mambo mageni kwa mji wetu. Tangu mwaka 1986 ulianza Mombasa mpango wa kuanzisha madarasa ya watoto wadogo ndani ya madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukawafundisha wanawake wa mitaa yetu kusomesha kwa vifaa vilivyoko, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Apendaye kujifunza atapata wa kumwonyesha bila kupanda ndege.

Na yule mwalimu? Alitundika vibao viwili, nasi tulikwenda kumtazama. Wiki ya kwanza vibao havikupata kupumzika. Watoto wote walitaka kwenda chooni ili wavishike tu. Alitaka kuvitoa, tukamwomba avumilie. Wiki ya pili upya ulikwisha, vikawa ni vipande vya mbao. Mjukuu wa mzee wetu aliletwa na babu yake, na babu akakaa naye karibu na mlango siku nne. Siku ya tano, katikati ya kusoma, mtoto alionyesha kidole. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, hakusema neno, akaendelea kumsomesha aliyekuwa mbele yake. Mtoto alitwaa kibao akatoka, akarudi mikono yake ikichuruzika maji, akakitundika kwenye msumari, akakaa penye safu yake, akaifungua juzuu. Babu alikuwa amekwisha kuondoka.